Vitafunwa vya jibini na jamu: Oka wageni wakiwa njiani



Jumamosi moja jioni, muda mfupi kabla ya Maghrib, kwenye kituo ninachofanyia kazi waliletwa watoto watano na mama mmoja, wote wakitapika, na wote wametoka katika walima mmoja. Hakuna aliyekuwa na homa kali. Walikula baada ya Adhuhuri, na kabla hata ya Alasiri mtoto wa kwanza alikuwa ameshaanza kushika tumbo. Nje ya chumba cha matibabu nilisikia minong'ono kwamba "kuna mkono wa mtu", kwa kuwa shangazi aliyepika alikuwa hapatani na baadhi ya ndugu wa bwana harusi. Shangazi mwenyewe alikuwa amesimama ukutani, kanga yake imelowa matapishi ya mjukuu wake, analia.

Nilipowauliza walikula nini, jibu lilikuwa moja. Biriani ililiwa na watu wengi bila madhara. Hawa sita walikuwa wamejipakulia zaidi vile vitafunwa vidogo vya kuoka vyenye jibini na jamu ndani, ambavyo siku hizi havikosekani kwenye sinia la shughuli. Shangazi akaniuliza kwa uchungu: "Lakini daktari, si vilipita motoni?"

Swali lile ndilo lililonifanya niandike makala haya. Msishangae tabibu kuingia jikoni. Nyumbani kwangu mimi ndiye nisukumaye chapati siku za Ijumaa, na vitafunwa hivi nimeviokea wageni mara kadhaa. Ni rahisi, havinywi mafuta kama sambusa, na watoto wanavipenda. Tatizo halimo katika mapishi yake. Limo katika saa zinazopita kati ya mkono wa mpishi na mdomo wa mlaji.

Kwanza nimjibu shangazi. Yuko kijidudu kiitwacho Stafilokokasi, ambaye takriban mtu mmoja kati ya watatu anaye puani bila kuumwa chochote. Hukaa pia kwenye ngozi, na huwa wengi sana kwenye jipu, kidonda au mchubuko wenye usaha. Mpishi akijipangusa pua kisha akavuruga jibini kwa vidole, humpandikiza humo. Jibini laini ina protini, maji na chumvi kidogo, na kijidudu huyu chumvi haimsumbui. Ikikaa nje ya friji kwenye joto letu, huzaliana na kutoa sumu. Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui: moto wa kupikia humuua kijidudu, lakini sumu aliyokwisha kuitoa haiondoki kwa moto huo. Kitafunwa hutoka motoni kikinukia vizuri, rangi ya dhahabu, na sumu imo ndani. Mlaji huanza kutapika baada ya nusu saa hadi saa nane hivi.

Kwenye walima ule, jibini ilikandwa kwa mkono siku ya Alhamisi na ikakaa kwenye bakuli juu ya kabati mpaka Ijumaa usiku. Vitafunwa vilipotoka motoni vilimiminwa vingali vya moto katika ndoo ya plastiki, ikafunikwa, ikakaa jikoni hadi mchana wa Jumamosi. Mmoja wa wasaidizi alikuwa na plasta kidoleni. Chakula chenyewe hatukukipima maabara, lakini mtiririko wa saa na dalili ulitosha kunishawishi. Nilitoka nje nikawaeleza ndugu wa pande zote mbili kwamba hapakuwa na mkono wa mtu kwa maana waliyoikusudia wao.

Hivyo basi, mapishi ninayoyaeleza hapa nimeyapanga kwa kufuata siku: kinachovumilia kukaa kitangulie, na kisichovumilia kije mwisho. Kipimo hiki kitakupa kama vipande 60.

Jamu inaweza kutengenezwa wiki moja kabla, maana sukari nyingi na uchachu huwazuia vijidudu kustawi. Chukua nanasi lililomenywa na kukatwakatwa vipande vidogo sana, nusu kilo, sukari gramu 400 na maji ya ndimu mbili. Chemsha kwa moto wa wastani huku ukikoroga, mpaka ukidondosha tone kwenye sahani baridi, ukilisukuma kwa kidole, lijikunje. Iwe nzito kuliko ya kupaka mkate. Jamu nyepesi itachemka ndani ya kitafunwa, ipasue ukingo na kuungua kwenye trei. Mapera na embe bichi huganda upesi zaidi ya nanasi. Mimina jamu ikiwa ya moto katika chupa iliyochemshwa, funga, ikipoa weka kwenye friji, na kila unapochota tumia kijiko safi, kikavu.

Ukinunua jamu, jibini au donge lililo tayari, soma maandishi madogo. Jamu nyingi hugandishwa kwa pektini, inayotokana na matunda, na huandikwa E440. Gelatini hutokana na wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, na pasipoelezwa chanzo chake ni bora kuiacha. Donge linalotoka nje huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Kuhusu jibini, swali ninaloulizwa sana ni la kile kimeng'enya cha tumboni mwa ndama kinachogandisha maziwa, ambacho katika vitabu vya fiqhi huitwa infaha. Kikitoka kwa mnyama aliyechinjwa kisheria hapana tatizo; kikitoka kwa mnyama ambaye hakuchinjwa kisheria, wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani. Jibini nyingi ya viwandani siku hizi hugandishwa kwa kimeng'enya kitokanacho na ukungu au vijidudu vilivyokuzwa, na mara nyingi huandikwa kuwa inawafaa wasiokula nyama. Kwa hapa Tanzania tazama pia alama ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA.

Lakini kwa vitafunwa hivi sioni haja ya kununua jibini. Siku moja kabla ya shughuli, chemsha lita mbili za maziwa mpaka yafure. Usiruke hatua hii hata kama muuza maziwa ni jirani unayemwamini, kwani maziwa mabichi hubeba ugonjwa wa Brusela, homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, ambayo watu huitibu miezi kwa dawa za malaria bila kupona. Punguza moto, tia maji ya limau vijiko vinne vya chakula, ukoroge taratibu. Yakijitenga mabonge meupe na maji ya kijani hafifu, zima. Yasipojitenga, ongeza kijiko kimoja kimoja. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, si kile kinachoning'inia mlangoni kila mtu akifutia mikono. Kamua, tia chumvi nusu kijiko cha chai na iliki kidogo, uvuruge kwa uma au kijiko, si kwa vidole. Funika, weka kwenye friji papo hapo. Utapata gramu 300 au zaidi kidogo. Jibini ya limau ina faida nyingine: haiyeyuki ikatiririka ndani ya jiko.

Donge nalo litengenezwe siku hiyohiyo. Unga wa ngano nusu kilo, siagi baridi robo kilo, chumvi kidogo. Sugua siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga za mkate, kisha tia maji baridi sana kijiko kwa kijiko, kama vijiko vinane hadi kumi, hadi lishikane. Usilikande kama la chapati. Ukilikanda sana kitafunwa kinakuwa kigumu. Lifunge kwenye nailoni na uliache katika friji nusu saa au mpaka kesho yake. Watoto wasilambe donge bichi, kwani hata unga mkavu unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

Hapa niseme neno kuhusu mikono. Wapo wanaoniambia, "Nimetoka kuswali sasa hivi, nina udhu." Udhu ni tahara ya ibada na una nafasi yake, lakini siagi na usaha havitoki kwa maji matupu. Tumia sabuni, sugua katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20, vua pete na bangili. Mwenye jipu au kidonda mkononi, au aliyeharisha jana, apewe kazi ya kupokea wageni. Glavu nazo zimekuwa fasheni kwenye shughuli zetu, na nimemwona mpakuaji akipokea simu, akahesabu pesa, akarudi kwenye sinia na glavu zilezile! Koleo la shilingi chache lina faida zaidi.

Sasa kuunga. Sukuma donge liwe na unene wa milimita tatu, kata miraba ya sentimita sita. Weka nusu kijiko cha chai cha jibini na jamu kiasi kile au pungufu, kunja pembetatu, bana kingo kwa meno ya uma na toboa tundu moja juu ili mvuke utoke. Paka maziwa juu. Wapo wapakao yai. Si vibaya, ila bakuli la yai na brashi vioshwe mara moja kabla ya kugusa kingine. Vipange kwenye trei, funika, rudisha kwenye friji. Au viweke kwenye friza hata wiki tatu, na siku ya kuoka vitoke moja kwa moja motoni bila kuyeyushwa, ukiongeza dakika tano. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne. Ikizidi hapo, ile jibini usiibahatishie.

Kuoka kuwe kazi ya mwisho, wageni wakiwa njiani. Oveni iwe nyuzi joto 200, dakika 18 hadi 20. Asiye na oveni atumie sufuria zito, apalie moto chini na juu, makaa mengi yawe juu ya mfuniko, aanze kuchungulia baada ya dakika 15. Oka trei moja moja: ya kwanza wageni wa mwanzo wanapoketi, ya pili baada ya ya kwanza kupungua. Mpishi atalalamika kwamba anakosa shughuli, na malalamiko yake yana haki; basi wapokezane.

Vikitoka motoni viache dakika kumi hadi kumi na tano juu ya waya au ungo safi, vifunikwe kwa wavu wa nzi. Ndani ya kitafunwa jamu hushika joto kali na kung'ang'ania ulimini, na nimewahi kumtibu mtoto wa miaka mitatu midomo ikiwa na malengelenge. Ikimdondokea mtu mkononi, weka mkono kwenye maji baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, siagi na asali viacheni kabatini.

Hotipoti msiitumie kwa vitafunwa hivi. Ni nzuri kwa pilau linaloingia likiwa la moto kabisa na kuliwa mapema, lakini vitafunwa humo hulowa kwa mvuke wake na kubaki vuguvugu, na vuguvugu ndilo joto walipendalo vijidudu, kati ya nyuzi 5 na 60. Kitafunwa chenye jibini kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kufunika vyombo vya chakula na kinywaji, lakini kufunika sinia kwa kanga iliyotandikwa kitini asubuhi ni jambo jingine.

Wazee wenye kisukari wasinyimwe, wapewe kimoja au viwili na chai isiyo na sukari. Mjamzito ale vya jibini iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa tu, kwa kuwa bakteria wa jibini laini ya maziwa mabichi aitwaye Listeria huweza kuharibu mimba.

Pamoja na tahadhari zote, mtu akitapika au kuharisha baada ya shughuli, mpeni maji ya chumvichumvi ya ORS, pakiti ya lita moja katika lita moja kamili ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko akiwa mtoto. Mtoto anayeharisha huongezewa zinki kituoni. Asiyeweza kunywa, aliyelegea, aliyezama macho, mwenye damu katika choo au homa kali asisubiri asubuhi. Na mkija, mje na jina la chakula na saa kiliyoliwa; taarifa hiyo hunisaidia kuliko hadithi ya nani haelewani na nani.

Vilivyobaki mezani baada ya saa mbili havifungiwi jirani kwenye mfuko, wala haviokwi tena kwa ajili ya chai ya asubuhi, kwa sababu ileile niliyomweleza shangazi. Anayechelea israfu aoke trei chache. Vile vibichi vilivyobaki kwenye friza vitamsubiri mgeni mwingine.