Sanduku la Bibi Limeingia Kwenye Kompyuta

Nyumbani kwetu Jang'ombe, chini ya kitanda cha bibi, kuna sanduku la mbao. Ndani mna khanga doti 43, nyengine hazijakatwa wala kukungwa tangu zitoke dukani. Likizo iliyopita niliamua kuziorodhesha zote kwa programu za aina ile ile zinazotumiwa na makumbusho. Nilidhani ni kazi ya siku tatu. Sasa wiki ya sita inaisha na sijamaliza, na kosa langu kubwa kuliko yote halikuhusiana na kompyuta. Naandika ili mwenzangu mwenye bibi, babu au mjomba mwenye vitu vyake aanzie nilipofika mimi.

Kwanza, kwa nini kujisumbua? Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo la mwaka 1883 tulilolizoea kama makumbusho, iliporomoka likiwa katika matengenezo. Watu wawili walifariki. Nyumba ikianguka au ikiungua, ukishahesabu watu, swali linalofuata ni: mlikuwa na nini ndani? Asiye na orodha hana jibu. Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yalipoungua tarehe 2 Septemba 2018, yakiwa na vitu kiasi cha milioni 20, wanafunzi wa chuo kimoja cha huko walitoa wito kwa yeyote aliyewahi kupiga picha ndani yake awatumie. Yaani kumbukumbu ya taifa ikawa inatafutwa kwenye simu za wageni.

Sasa tutazame upande wetu. Kutoka Jang'ombe hadi Beit el-Amani pale Mnazi Mmoja, makumbusho yaliyofunguliwa 1925, unakwenda kwa miguu. Lakini vitu vyetu vya Ng'ambo vingi havimo humo. Vimo masandukuni, na orodha yake imo kichwani mwa mtu mmoja. Kwetu mtu huyo ana miaka 78.

Programu ya katalogi inafanya nini ambacho albamu ya picha ya simu haifanyi? Inakipa kila kitu rekodi yake, na rekodi ina nafasi zile zile za kujaza: jina, kipimo, malighafi, mwaka, mahali. Juu ya hapo unaiunganisha rekodi na picha, sauti ya mwenyewe akisimulia, hata na rekodi nyengine. Baadaye ukitaka khanga zote nyekundu za kabla ya 1984, unauliza mara moja. Zipo programu kadhaa. CollectiveAccess na Omeka ni za bure na msimbo wake uko wazi. Mimi nilichukua Omeka, iliyotoka 2008 kutoka Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, kwa sababu ni nyepesi kujifunza, na kwa sababu ya jina. Waliyoiunda wanasema "omeka" ni neno la Kiswahili, maana yake kutandaza bidhaa watu wazione. Nikamuuliza bibi.

"Omeka? Mimi naijua chomeka. Hilo watakuwa nalo wao."

Nikamwambia haya, tutandaze basi. Tukatandaza mkeka.

Ukikosa pa kuanzia, ipo mizani moja inaitwa Object ID. Ilitoka 1997 na sasa inasimamiwa na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho. Ilikusudiwa kuwasaidia polisi na watu wa forodha kukitambua kitu kilichoibiwa, kwa hiyo maswali yake ni makavu, tena tisa tu: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini na vipi, kipimo chake, kina maandishi au alama gani, kina doa au kiraka gani cha kukitofautisha na wenzake, kinaitwaje, kinaonesha nini, cha lini, na nani alikitengeneza. Khanga inayajibu karibu yote peke yake. Ina pindo, ina mji, ina jina lake lililoandikwa, na mara nyengine ukingoni pana alama ya mwenye duka au kiwanda, kama ile maarufu ya Mombasa, "Mali ya Abdulla".

Kila doti nikaipa namba: mwaka wa kuorodheshwa, kundi, kisha kitu. Kwa mfano 2025.1.17. Namba haiandikwi kwenye nguo. Unaiandika kwa penseli kwenye kipande cha utepe wa pamba, unakishona pembeni kwa mishono miwili, na siku yoyote unaweza kukifumua bila kuiumiza khanga. Picha nilipiga uani, kivulini, na rula pembeni ili ukubwa uonekane.

Nilikwama mara tatu.

Kwanza ni neno. Sisi tunaandika khanga. Katika katalogi ya British Museum ya London utazikuta kwa jina la kanga, bila h. Mombasa wanasema leso. Kompyuta haijui kwamba ni kitu kimoja; ukitafuta neno moja itakuficha yale mengine. Dawa yake ni kuchagua neno moja la kudumu, kisha kuyaandika mengine kwenye nafasi ya majina mbadala. Nilichagua khanga, maana mwenye sanduku ndivyo anavyosema.

Pili ni tarehe. Namuuliza bibi hii ya mwaka gani, ananijibu, "Enzi za Jumbe." Mwanzo nilitaka kuiacha nafasi tupu, kisha nikaona kumbe jibu ninalo. Aboud Jumbe alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 1972 hadi 1984. Nikaandika "1972–1984, kwa kauli ya mwenyewe". Tarehe pana yenye ushahidi ni bora kuliko mwaka mmoja wa kubuni.

Tatu ndiyo iliyoniumiza. Doti namba 17 jina lake ni "Usisafirie nyota ya mwenzio". Bibi alinisimulia alimnunulia nani, kwa ugomvi gani, na jinsi alivyoivaa siku tatu mfululizo akipita mbele ya baraza ya jirani. Nilifurahi mno. Nikaandika yote kwenye nafasi ya maelezo, na jina la jirani nikalitia, nikaiweka rekodi wazi, nikatuma kiungo kwenye grupu la darasa. Nilisahau kwamba mjukuu wa jirani yule yumo kwenye grupu lile lile. Usiku ule ule bibi alipata wageni.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Mwanangu, khanga ile nilimvalia yeye. Sikuwavalia walimwengu." Akalifunga sanduku. Wiki mbili nzima halikufunguliwa.

Nilikwenda kwa jirani kuomba radhi. Alinitilia chai, akanisikiliza, akasema jina lake asilione tena humo. Wallahi, hakuna somo la darasani lililonifunza kama chai ile. Khanga inasema kwa fumbo makusudi: aliyekusudiwa ajue, wengine wapite. Mimi nilifumbua bila ruhusa.

Dawa ya kiufundi ilikuwepo siku zote, sema sikuitazama. Omeka inakuruhusu kuifunga rekodi nzima isionekane na watu, na toleo la Omeka S linakuruhusu kufunga hata nafasi moja ndani ya rekodi iliyo wazi. Sasa namba 17 inaonesha rangi, kipimo, jina na tarehe. Kisa chenyewe kimefungwa, na jirani nimemwandika "mtu wa mtaani" tu. Kabla ya kuandika chochote namuuliza bibi maswali mawili: hili niliandike? Na likiandikwa, nani alione? Mara nyengine anajibu, "Andika, lakini mpaka nife." Hilo nalo naliandika.

La mwisho, msiiamini mashine moja. Kila Ijumaa natoa rekodi zote kama faili la kawaida linalofunguka kwenye Excel, pamoja na picha, na kuliweka pahala patatu: kompyuta yangu, flashi kwa mjomba, na mtandaoni. Kama huna kompyuta, anza na daftari lenye maswali yale tisa. Programu itakuja baadaye. Mwenye kujibu huenda asikusubiri.

Doti 31 zimeshaingia, zimebaki 12. Jana tulizitandaza. Tano kati ya hizo bibi alizigeuza, akazinusa, akazikunja tena. Hakumbuki alizipata wapi. Mwaka jana, Siku ya Idi, nilikaa kitako nikimsikia akizitaja zote moja moja, na simu ilikuwa mkononi mwangu.