Kutoka Maji Baridi Hadi Maji Chumvi

Mvumi, katika wilaya ya Kilosa, iko mbali na bahari. Kutoka huko hadi pwani ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo, Mvumi na bahari zimeunganishwa kwa maji. Mvua inyeshayo katika milima na mabonde ya Kilosa hukusanyika katika mito. Mito hiyo huingia katika mto Wami. Nao mto Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini ya Bagamoyo, karibu na Saadani. Tone la maji laweza kusafiri njia hiyo yote. Je, samaki naye aweza kutoka mtoni akaishi baharini?

Tuseme darasa lenu huko Mvumi lina tangi la kioo lenye perege wadogo wanne. Mmewatunza kwa mwaka mzima, nao ni wazima. Mwenzenu mmoja amekwenda Bagamoyo kuwatembelea jamaa zake. Maji yalipokupwa aliona samaki wadogo wa rangi nzuri katika vidimbwi vya miamba. Aliporudi alisema, “Tutie chumvi katika tangi letu, kisha tulete samaki wa baharini.”

Wazo hilo laonekana rahisi. Lakini mkilifuata kama lilivyo, perege wenu watakufa, na wale wa baharini watakufa pia. Katika somo hili tutajifunza sababu yake, na jinsi ya kuanza ufugaji wa samaki wa maji chumvi bila kuwaangamiza.

1. Maji ya bahari yana nini?

Ukichukua lita moja ya maji ya bahari, ukaichemsha mpaka maji yote yageuke mvuke, itabaki chumvi ya gramu 35 hivi. Hicho ni kiasi cha vijiko sita vya chai. Chumvi nyingi tunayokula nchini hupatikana kwa njia ya namna hiyo. Katika mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Bagamoyo, maji ya bahari huachwa katika mabwawa yenye kina kifupi. Jua huyakausha, na chumvi hubaki.

Lakini chumvi ya bahari si kitu kimoja. Katika zile gramu 35, gramu 30 hivi ni sodiamu na klorini, ambazo ndizo hufanya chumvi ya kupikia. Gramu 5 zilizobaki ni magnesi, kalsi, potasi, salfeti na vitu vingine vichache. Samaki na viumbe wengine wa baharini huvihitaji hivyo pia. Kwa hiyo chumvi ya jikoni peke yake haitoshi kutengeneza bahari ndani ya tangi.

2. Jaribio: chumvi huvuta maji

Hatuna haja ya kumtesa samaki ili kujua chumvi inavyofanya kazi. Kiazi mviringo kitatuonyesha.

Vifaa: kiazi mviringo kibichi, kisu, bakuli mbili, kijiko cha chai, chumvi na maji.

Njia: Tia nusu lita ya maji katika kila bakuli. Katika bakuli ya kwanza usitie kitu. Katika bakuli ya pili tia vijiko vitatu vya chai vya chumvi, kisha koroga mpaka iyeyuke. Kata vipande vyembamba vya kiazi vinavyolingana. Tia vipande vitatu katika kila bakuli. Baada ya saa mbili vitoe, uvikunje kwa vidole.

Matokeo: Vipande vilivyokuwa katika maji matupu vimekuwa vigumu, na ukivikunja huvunjika. Vile vilivyokuwa katika maji ya chumvi vimelegea na hujikunja bila kuvunjika.

Maelezo: Kiazi kimeundwa kwa seli nyingi ndogo. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Maji hupenya utando huo kwa urahisi, lakini chumvi haipenyi kwa urahisi. Maji hutoka upande wenye chumvi chache kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mwendo huo wa maji huitwa osmosisi. Katika bakuli ya kwanza maji yaliingia ndani ya kiazi. Katika bakuli ya pili yalitoka.

3. Samaki hupambana na maji kila saa

Samaki hupumua kwa matamvua, yaliyo chini ya mashavu yake. Ngozi ya matamvua ni nyembamba sana ili oksijeni iweze kupita. Lakini panapopita oksijeni, maji nayo hupita.

Damu ya samaki wengi, wa mtoni na wa baharini, ina chumvi ipatayo theluthi moja ya ile ya maji ya bahari. Fikiri basi maana yake.

Perege wa mtoni ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka. Kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku. Asipoyatoa atavimba na kufa. Yeye hunywa maji kidogo sana. Figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi. Na matamvua yake hunasa chumvi chache iliyomo mtoni ili isipungue mwilini.

Samaki wa baharini, kama changu au tasi, ana shida iliyo kinyume. Maji yanayomzunguka yana chumvi kuliko damu yake. Kwa hiyo maji humtoka. Ingawa amezungukwa na maji pande zote, yuko katika hatari ya kukauka! Basi yeye hunywa maji ya bahari. Matamvua yake huitoa chumvi iliyozidi. Na figo zake hutoa mkojo kidogo tu.

Sasa twaweza kumjibu yule mwenzetu. Ukimtia perege ghafla katika maji ya bahari, mwili wake, uliozoea kutoa maji, utakauka. Ukimtia changu katika maji ya mto, maji yatamjaa. Kila mmoja ana silaha za vita vyake, lakini si za vita vya mwenziwe.

4. Kuandaa tangi la maji chumvi

Watu wa London walikutana na shida kama ya Mvumi, kwa maana mji wao hauko ufukoni. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyowafuga samaki wa maji baridi katika chombo kimoja na mimea na konokono. Baadaye yeye na Philip Henry Gosse waligeukia viumbe wa baharini. Kwa kuwa kuleta maji kutoka pwani kulikuwa na taabu, Gosse alitengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali katika maji baridi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya matangi ya samaki ili watu wote waone. Njia yao ndiyo msingi wa hatua zifuatazo.

(a) Tumia tangi jingine. Usiwahamishe perege wala kutia chumvi katika tangi lao. Tangi la maji chumvi liwe kubwa, lita 100 au zaidi, kwa kuwa maji mengi huchelewa kuharibika. Lisiwe na vyuma, kwa sababu chumvi huvila vyuma.

(b) Changanya maji kabla ya kuleta samaki. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa baharini, yenye vitu vyote tulivyovitaja. Kwa lita 100 zahitajika kilo tatu na nusu hivi. Kama maji ya bomba yametiwa klorini, yaache wazi siku moja kwanza. Kisha tia chumvi, ukoroge mpaka yawe maangavu.

(c) Pima chumvi. Chombo cha kupimia huitwa haidromita. Ikikosekana, pima uzito kwa mizani nzuri: lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na gramu 25 hivi. Usitumie yai. Watu wengine hutia chumvi mpaka yai bichi lielee. Lakini yai jipya huzama hata baharini! Maji yanayoliinua yana chumvi nyingi zaidi kuliko ya bahari.

(d) Tia hewa. Maji chumvi hushika oksijeni pungufu kuliko maji baridi yenye joto lile lile, kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo pampu ya hewa ni lazima, na samaki wawe wachache.

(e) Subiri. Hatua hii ndiyo huwashinda wengi. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Bakteria hao huishi juu ya mawe na mchanga. Huchukua majuma manne hadi sita, na pengine zaidi, kuongezeka vya kutosha. Tia chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kuwalisha, kisha pima maji kila juma. Tangi liko tayari wakati amonia na nitriti hazionekani tena katika kipimo. Katika maji ya bahari amonia hudhuru zaidi kuliko katika maji mengi ya mto, kwa sababu maji ya bahari ni ya alkali. Tangi laweza kuwa safi machoni na bado likaua.

(f) Leta samaki mmoja au wawili tu. Waache katika chombo walichokuja nacho, ukiwaongezea maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa saa moja, ndipo uwaingize. Usivunje matumbawe ili kupamba tangi. Matumbawe ni wanyama hai, nayo ni makao ya samaki wengi. Ndiyo maana sehemu nyingine za bahari yetu zimehifadhiwa, kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995.

5. Maji yanapopungua

Kila siku maji kidogo ya tangi hugeuka mvuke. Je, ujazie maji ya chumvi au maji baridi? Kumbuka mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Maji huondoka, lakini chumvi hubaki. Ukijazia maji ya chumvi kila mara, tangi lako litakuwa shamba la chumvi, na samaki watakauka. Jazia maji baridi.

Lakini kila baada ya majuma mawili, toa sehemu moja ya kumi ya maji ili kupunguza nitrati. Hapo ndipo unapoweka badala yake maji mapya ya chumvi yaliyopimwa.

6. Samaki wanaovuka

Wapo samaki wachache wenye silaha za pande zote mbili. Mwatiko, afugwaye katika mabwawa ya pwani, huishi katika maji chumvi na hata katika maji yenye chumvi chache sana. Mkunga wa mtoni huzaliwa baharini, hukulia mtoni, kisha hurudi baharini kuzaa. Nao perege wa mto Wami wanajulikana na wataalamu kwa kuvumilia chumvi nyingi, kama chumvi hiyo ikiongezwa polepole kwa siku nyingi. Katika siku hizo matamvua hubadili kazi yake: badala ya kunasa chumvi, huitoa. Chumvi ile ile ikitiwa kwa mara moja yaweza kuwaua.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili: samaki wengi hawawezi kuvuka, na hata wale wachache wawezao huhitaji muda. Mfugaji naye huhitaji muda. Hutunza maji kwanza, ndipo maji yamtunze samaki.

Maswali

1. Eleza kwa nini vipande vya kiazi vililegea katika maji ya chumvi.
2. Kwa nini samaki wa baharini hunywa maji mengi kuliko samaki wa mtoni?
3. Tangi lina lita 60 za maji. Zahitajika gramu ngapi za chumvi ili kila lita iwe na gramu 35?
4. Mfugaji alijaza tangi jipya maji ya chumvi safi, akatia samaki sita siku ile ile. Wote walikufa baada ya juma moja. Taja makosa yake mawili.
5. Kazi ya kikundi: Wekeni sahani mbili juani, moja yenye maji baridi na moja yenye maji ya chumvi. Baada ya maji kukauka, andikeni mlichokiona, kisha elezeni kinamfundisha nini mfugaji wa samaki.