Jinsi Kitabu cha Mbweha Kilivyogeuzwa Kuwa Sinema

Mtoto mchungaji wa Bunda, akingoja ng'ombe wake wale majani chini ya mlima Balili, huweza kufinyanga fahali wa udongo mwenye pembe na nundu. Fahali huyo hupendeza, walakini hatembei. Basi na asogezwe mguu mmoja kidogo sana, apigwe picha. Asogezwe tena kidogo, apigwe picha ya pili. Na kuendelea vivyo hivyo. Kisha picha hizo zikipitishwa upesi mbele ya macho, mtazamaji atamwona fahali akienda kwa miguu yake mwenyewe, kwa maana jicho haliwahi kuitenga picha moja na nyingine. Ziko sinema nzima zilizofanywa kwa njia hiyo.

Mojawapo ilitoka katika kitabu cha Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza. Mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 22, Dahl alifika Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Mwaka uliofuata akaenda Nairobi kufundishwa urubani. Vitabu vya watoto aliviandika baadaye sana. Mwaka 1970 alitoa kimoja kiitwacho Fantastic Mr Fox, kisa cha mbweha aibaye kwa wakulima watatu ili kuwalisha jamaa zake. (Mbweha huyo wa Ulaya hayuko Serengeti, ila yuko huko ndugu yake mwenye masikio makubwa.) Wakulima wanamvizia, risasi inamkata mkia, kisha wanalichimbua shimo lake. Naye huchimba kwenda chini zaidi, hata anatokea ndani ya ghala zao wenyewe.

Mwaka 2009 Mmarekani Wes Anderson alikitoa kisa hicho katika sinema. Shida ya kwanza ilikuwa ufupi wa kitabu: msomaji hodari hukimaliza kwa jioni moja, na sinema ilitaka karibu saa moja na nusu. Kwa hiyo Anderson na mwenziwe Noah Baumbach waliongeza mambo. Katika kitabu watoto wa mbweha ni wanne, wala hawana majina. Katika sinema yuko mmoja, Ash, amwoneaye wivu binamu yake. Tena baba yake amemwahidi mkewe kuacha wizi, naye anaivunja ahadi. Hapo kisa kimegeuka. Mbweha wa kitabuni huiba kwa sababu watoto wana njaa, na ni vigumu kumlaumu. Yule wa sinema ameshindwa na tamaa, na wanyama wote wanateswa pamoja naye. Aliyekipenda kitabu ana haki ya kunung'unika. Walakini mkia uliokatika umo, na shimo limo, na karamu ya chini ya ardhi imo.

Sanamu zilitiwa mifupa ya chuma yenye viungo, zikavikwa nguo na manyoya ya kweli. Kwa kila sekunde moja mafundi walizisogeza mara 12, yaani mara 720 kwa dakika moja. Moshi haumngoji mpiga picha, basi walitumia pamba.

Manyoya nayo yalileta shida yake. Kila fundi alipoigusa sanamu, yalilala upande mwingine. Wengi wangalichagua kitambaa kisichobadilika, lakini Anderson aliipenda hitilafu hiyo, akaiacha. Mwenye macho makali huona manyoya ya mbweha yakitikisika hata chumbani pasipo upepo: hapo ndipo vidole vilipopita.