Vipindi vya ukatili: Watu wafa, hakuna afiwaye

Mjadala kuhusu iwapo watoto wa shule za msingi waachiwe kutazama vipindi vya televisheni vilivyojaa mapigano na umwagaji damu huzuka nchini kila shule zinapofungwa, kisha hufifia zinapofunguliwa. Aghalabu wanaoshiriki hugawanyika mafungu mawili. Wapo wanaoshikilia kuwa televisheni ndiyo kiini cha utovu wote wa nidhamu, kuanzia ugomvi wa uwanjani hadi kuchomwa kwa mabweni. Wapo pia wanaowacheka hao na kuuliza: Mbona sisi tulitazama mieleka ya Wamarekani katika miaka ya 1990, na filamu za Bruce Lee kabla ya hapo, na hatukumvunja mtu shingo? Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinapima kisichofaa kupimwa. Zinahesabu damu. Mimi ningependa tupime jambo jingine, na mizani yenyewe nitaitoa katika sarufi, maadamu ndiyo kazi inayonilisha.

Kiswahili kina kitenzi kufa. Tukikinyambua katika kauli ya kutendea tunapata kufia, na katika kauli ya kutendewa tunapata kufiwa. Wanafunzi hukariri mnyambuliko huu kwa ajili ya mtihani bila kuutambua uzito wake. Anayekufa ni mmoja. Wanaofiwa ni wengi, na ndio wanaobaki. Lugha yetu imeitengea hali hiyo neno fupi, ambalo linajulikana na kila mtoto aliyewahi kuona hema limesimamishwa kwa jirani na viti vya kukodi vikishushwa garini.

Sasa, msomaji mpendwa, chukua filamu ya mapigano ambayo watoto wa kati ya miaka 8 na 12 huipenda, uketi na kalamu. Hesabu waliokufa, kisha hesabu waliofiwa. Waliokufa huenda wakafika 40. Aliyefiwa, kama yupo, ni mmoja tu: yule mhusika mkuu ambaye watoto wetu humwita stelingi, aliyeuliwa mke au ndugu katika dakika za mwanzo ili apate sababu ya kuwaua wengine. Hao wengine hawana wazazi, hawana deni dukani, hawana mtoto anayesubiri karo. Wanaanguka, kamera inasonga.

Mpwa wangu, ambaye yu gredi ya nne, alinisimulia filamu moja ya namna hii kwa ufasaha uliofanya nimwonee fahari. Alipofika pale ambapo mlinzi wa lango alipigwa risasi ili stelingi aingie, nilimuuliza mama yake mlinzi yule aliambiwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya Jumanne. "Mjomba, huyo hana mama. Huyo ni wa adui tu."

Mtoto huyu si mkatili. Anajua fika kwamba ile ni sanaa, kwamba damu ile ni rangi, na kwamba mwigizaji huinuka akaenda zake nyumbani. Ndiyo maana hainiridhishi hoja ya wazazi wanaosema, "Mwanangu anaelewa kuwa ni maigizo." Bila shaka anaelewa. Lakini kuna jambo lililopita chini ya uelewa huo: kwamba binadamu wamegawanyika wenye mama na wasio na mama, na kwamba hawa wa pili wanaweza kuondolewa njiani bila mazungumzo marefu. Nchi hii iliwahi kuonja mgawanyo huo mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, na hatukuufunzwa na filamu. Seuze sasa tuuongezee mwalimu wa kila jioni?

Utafiti haujakaa kimya kuhusu suala hili. Walimu wengi wanalikumbuka jaribio la Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 1961, ambapo watoto waliomwona mtu mzima akilipiga sanamu la mpira nao walilipiga. Jaribio lake la mwaka 1965 halitajwi sana, ingawa kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Aliwaonyesha watoto filamu ya mtu akilipiga sanamu hilo, na filamu yenyewe ilikuwa na miisho mitatu: katika mmoja mpigaji alituzwa, katika wa pili aliadhibiwa, na katika wa tatu hakuna lolote lililomfika. Walioona akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, tofauti ilitoweka. Wote walikuwa wamejifunza. Kilichotofautiana ni nani aliyeona sababu ya kujizuia.

Katika miaka ya 1990, utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kuhusu ukatili katika televisheni ulipata kuwa katika matukio 73 kwa kila 100 ya ukatili, mtendaji hakuadhibiwa katika tukio lenyewe, na kwamba ni vipindi 16 tu kwa kila 100 vya ukatili vilivyoonyesha madhara yake ya muda mrefu. Hivyo 16 ndivyo ambavyo ndani yake huenda mtu akafiwa. Wapo wataalamu wanaobisha kuwa athari za vipindi hivi kwa tabia ni ndogo mno, na ubishi wao una mashiko: mamilioni hutazama, wachache hudhuru. Mwaka 1994 kituo cha TV3 kilikisitisha kipindi cha Power Rangers nchini Norway, Sweden na Denmark baada ya msichana wa miaka 5 kupigwa na wavulana wadogo na kuachwa thelujini hadi akafa. Wala haikuthibitishwa kwamba kipindi kile ndicho kilichosababisha. Sitaki kujenga hoja yangu juu ya mauti ya mtoto yule. Nataka tu ikumbukwe kwamba askari wa adui katika kipindi kile walikuwa wakipigwa na kutoweka, bila maiti, bila kaburi, bila tone la damu. Kwa kuhesabu damu, kilikuwa kipindi safi.

Hapa najua nitaulizwa: Je, ngano zetu? Zimwi halimezi watu? Fisi hachomwi moto? Ni swali la haki, na jibu lake limo katika kisa cha Fumo Liongo, ambacho wanafunzi wengi wanakijua. Liongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Hakuna filamu inayozidi ukatili huo. Lakini tazama kinachofuata. Liongo anapiga goti penye kisima, upinde mkononi, na mji mzima unakosa maji kwa hofu. Hatimaye ni nani anayetumwa kumsihi? Mamake. Kifo kimoja, mji mzima umesimama, na aliyefiwa yuko katikati ya kisa. Fauka ya hayo, ngano haikuwa ikijisimulia. Palikuwa na bibi aliyesema "Paukwa!" na akangoja aitikiwe, na mtoto akiogopa aliweza kumkatiza na kuuliza. Televisheni haikatizwi.

Au pengine hukatizwa. Kenya ina wasimulizi wa filamu, DJ Afro akiwa mashuhuri miongoni mwao, wanaozifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani na kuzitia vichekesho. Kama mwanaisimu nawavulia kofia. Ubunifu wao wa lugha ungestahili tasnifu kadhaa. Wamemrudisha fanani palipokuwa na mashine. Ila fanani huyu naye yuko upande wa stelingi, na mlinzi wa lango anapoanguka, yeye humwongezea mzaha.

Sheria tunazo. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinawataka watangazaji wasipeperushe yasiyowafaa watoto kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu huzipanga filamu kwa umri. Ni kazi njema. Lakini saa nne haina maana kwa mtoto mwenye simu ya baba mkononi saa nane mchana, na mwainishaji naye hulazimika kuangalia kinachoonekana: silaha, majeraha, damu. Kisichoonekana, yaani yule ambaye hakuonyeshwa akilia, hakimo katika fomu.

Basi msimamo wangu ni huu. Vipindi ambavyo kuua ni mchezo usio na mwenyewe havimfai mtoto wa chini ya miaka 12, hata vikiwa katuni za rangi za kupendeza. Ningependelea mtoto wa miaka 11 atazame, nami nikiwa kando yake, filamu ya kifo kimoja kinacholiliwa, kuliko aachwe peke yake na katuni ambamo maadui 100 wanayeyuka kama moshi. Wazazi wengine watauona msimamo huu kuwa wa ajabu, kwa kuwa filamu hiyo ya kwanza itamliza mtoto. Naam, itamliza.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi. Muhula ujao, mtakapofundisha insha ya barua au masimulizi, waulizeni wanafunzi filamu waliyoitazama likizoni. Wachague mtu mmoja asiye na jina, aliyekufa katika dakika ya tatu. Waandike kwa niaba ya mkewe, au mamake, au mwanawe wa gredi ya nne. Matanga yalifanyiwa wapi? Nani alichangia jeneza? Habari yenyewe ililetwa na nani, na mtu huyo alipofika, alibisha mlango au aliita akiwa nje?