Sura ya Saba: Betri, Kifuniko na Mpira

Miongoni mwa dhana zilizoenea Bukavu, kwa wakimbiaji wapandao vilima vya Kadutu alfajiri na kwa waogeleaji wa Ziwa Kivu, hapana iliyoharibu vyombo vingi kuliko hii: kwamba kipima mapigo ya moyo kilichoandikwa kuwa hakiingii maji hubaki hivyo milele, na kwamba betri yake ikiisha, kazi ni kufungua, kutia mpya na kukaza. Nimeipanga sura hii katika mafungu matatu, yaani betri, kifuniko na mpira uzibao maji. Na msomaji mwenye haraka na aanze na la tatu, maana betri hununuliwa sokoni siku yoyote, lakini chombo kilichokwisha kuingia maji aghalabu hakitengenezeki.

Kwanza niiondoe itikadi moja isiyostahili kuishi katika mji wenye vyuo vikuu: ati mkanda wa kifuani hunyonya nguvu za moyo, au hupeleka umeme ndani yake, hata vijana wenye afya njema wakauogopa. Mkanda hautoi wala hauchukui, husikiliza. Moyo kila unapojikunja hutoa umeme hafifu, ambao ukifika juu ya ngozi huwa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya volti, na ngozi kavu huuzuia. Willem Einthoven, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kuvumbua namna ya kuupima umeme huo, aliwatia watu mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi ili aipate ishara ile; na mkimbiaji wa leo, asiyelowanisha mkanda wake, humwendea fundi akilalamika kuwa betri imekufa, ilhali betri ni nzima na mkanda ndio mkavu.

Betri yenyewe aghalabu ni ile bapa iandikwayo CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2, nguvu volti 3. CR2025 ina upana na volti zile zile, lakini unene wake ni milimita 2.5, na atiaye karatasi chini yake ili ajaze nafasi amejitafutia hasara. Wapo waianikao juani kama walivyozoea kuanika mawe ya redio. Lakini betri ya lithiamu haifufuki kwa joto, bali huzidi kuchakaa. Wapo pia waipimao kwa kipima volti, nao wakisoma 3 hukinai, kwa kuwa hawajui kwamba betri ya namna hii hukaa karibu na volti 3 mpaka mwisho wake unapokaribia, na udhaifu wake hudhihirika pale tu chombo kinapodai nguvu kwa ghafula ili kirushe habari kwenye saa. Na jambo hili, enyi wazazi, silo dhana, ni hatari ya kweli: mtoto akiimeza ikamkwama kooni, yaweza kumuunguza umio kwa muda wa saa mbili, hata ikiwa imekwisha kiasi cha kutoendesha saa. Iliyotolewa na ifungwe kwa utepe wa gundi papo hapo, na aliyemeza apelekwe hospitali bila kungoja dalili.

Katika fungu la kifuniko sina mengi. Mfuo wake umechongwa ili kifunguliwe kwa sarafu, na kwa kuwa faranga yetu ya Kongo ni ya noti tupu, watu hushika kisu, kikateleza na kuuchubua ukingo ambao mpira huulalia. Tafuta sarafu ya Rwanda, ivukayo Ruzizi kila siku mifukoni mwa wachuuzi, nayo itakufaa kuliko kisu.

Sasa mpira. Hapa ndipo niliponuia kueleza kwa taratibu jinsi ya kuusafisha, lakini upo mfano ambao siwezi kuupita. Bukavu iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,460 pale ziwani, na uzito wa hewa yetu ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Ukikaza kifuniko hapa, umefungia ndani hewa nyepesi. Shuka nacho mpaka Uvira, kando ya Tanganyika, na hewa ya huko itakikandamiza kana kwamba kimezama sentimita 70 majini, hali hakijaona tone. Kifikishe Dar es Salaam, na itakuwa kama mita moja na nusu. Mpira mzima haujali, kwani kukandamizwa huuzidishia kukaa barabara katika mfuo wake. Lakini mpira uliolaliwa na unywele mmoja, au uliokauka kwa jasho na sabuni, huipitisha hewa ile yenye unyevu wa Uvira. Kisha chombo kirudipo Bukavu, katika baridi ya alfajiri, unyevu hugeuka umande juu ya mitambo, na mwenyewe akaapa, naye asema kweli, kuwa hajaogelea nacho kamwe. Ndivyo ilivyo pia kwa mkimbiaji ajitosaye ziwani mwili ukingali moto: hewa ya ndani hupoa, hunywea, na kuyavuta maji. Wasemao kuwa gesi ya Ziwa Kivu ndiyo ipenyayo na kuvila vyombo hawana hoja, kwani wingi wa gesi ile umeyeyuka katika maji yaliyo chini ya mita 250, ambako muogeleaji hafiki.

Basi ufute mfuo kwa kijiti cha mti kilichozungushiwa kitambaa kisichotoa nyuzi, uutazame mpira mbele ya taa huku ukiupinda, na ukiona ufa au sehemu iliyolala bapa, uutupe. Mzima upakwe grisi ya silikoni, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya mgando hapana, kwani baadhi ya mipira huvimba nayo. Na fundi atakayetaka kukitumbukiza katika maji ya moto aone mapovu, mzuie: kama kinavuja, kikipoa kitayanywa maji yale. Akikuambia hana mpira mpya, mlipe ujira wa betri, ukimbie na chombo chako nchi kavu, usikitie ziwani mpaka upatikane.