Rufaa ya Matokeo: Kutoka Mchangamdogo Hadi Seneti

Matokeo ya muhula yakishawekwa kwenye mfumo, mwanafunzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) iliyoko Mchangamdogo, Pemba, anayaona kwenye simu sawa na mwenzake wa Tunguu, Unguja. Tofauti hujitokeza pale anapoamini ameonewa, kwa kuwa makao makuu ya chuo yako ng'ambo ya bahari. Wanaosoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kupitia kituo cha Pemba wako mbali zaidi; makao makuu yao yako Kinondoni, Dar es Salaam. Muda wa kukata rufaa huhesabiwa tangu matokeo yanapotangazwa, na idadi ya siku imo katika kanuni za mitihani za kila chuo. Anayesubiri mpaka apate nauli ya boti anaweza kufika siku zimeshapita.

Kuwahi peke yake hakutoshi.

Barua inayosema "nilisoma sana, nilistahili B" haina pa kushika. Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, haipimi bidii. Inapima kama utaratibu ulifuatwa. Chukua mwanafunzi aliyepata 7 kati ya 10 kwenye jaribio la pili, lakini alama hiyo haikuingizwa. Kazi zake za muhula zinasomeka 12 badala ya 19 kati ya 40. Mtihani wa mwisho amepata 24 kati ya 60. Mfumo unamwonyesha 36, ana sapu, yaani mtihani wa marudio. Hesabu sahihi ni 43, na pale ambapo 40 ndiyo alama ya kufaulu, amefaulu. Huyo ana kesi. Ukurasa wa kijitabu cha majibu uliorukwa bila kusahihishwa, au namba ya mtihani iliyobadilishana na ya mwingine, nazo ni hoja nzito.

Ushahidi hukusanywa mapema. Alama za kazi za muhula zikibandikwa ubaoni kabla ya mtihani, zipigwe picha. Karatasi za majaribio zilizorudishwa zitunzwe. Siku ya kuwasilisha kazi, risiti au saini ya mpokeaji isiachwe.

Hatua ya kwanza ni kumwona mwalimu wa somo, kwa adabu, na karatasi mkononi. Kosa la kujumlisha mara nyingi humalizwa hapo. Ikishindikana, barua hupitia kwa mkuu wa idara kwenda ngazi za juu, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa hubaki kwa mwanafunzi. Vyuo vingi hutoza ada ya rufaa. Anayeomba kijitabu kisahihishwe upya asome kanuni vizuri kwanza, kwa sababu alama mpya inaweza kuwa chini ya ile ya zamani.

Hata nchi zenye chombo huru cha kusikiliza wanafunzi hazivuki mpaka huo wa kupima utaratibu tu. Uingereza iliweka msingi wa chombo cha aina hiyo kwa sheria ya mwaka 2004, kwa ajili ya vyuo vya England na Wales. Huchunguza kama chuo kilitenda haki katika utaratibu, lakini hakimwambii mwalimu insha ilistahili alama ngapi.

Rufaa haisimamishi kalenda ya chuo. Mwenye sapu asikae nyumbani Wete kusubiri jibu: ajisajili na kuifanya, na barua ya rufaa iendelee na safari yake.