Jacob van Ruisdael, Mtunzi wa Mandhari

Jacob van Ruisdael alizaliwa Haarlem, Uholanzi, yapata mwaka 1628, baba yake Isaack akiwa mtengenezaji wa fremu za picha na ami yake Salomon akiwa mchoraji mashuhuri wa mito na vivuko, na mwaka 1648 alipokewa katika chama cha Mtakatifu Luka, yaani umoja wa mafundi uliosimamia kazi na biashara ya wachoraji mjini humo. Uchoraji wa mandhari, ambao ndani yake ardhi, maji na anga ndiyo habari yenyewe wala si pambo la nyuma ya watu, ulikuwa tayari umestawi katika nchi hiyo, kwa kuwa wanunuzi wengi wa picha walikuwa raia wa mijini waliozitundika majumbani mwao.

Wanaomsifu Ruisdael kwa kunakili maumbile kwa uaminifu humpunja, kwa maana alikuwa mtunzi hasa. Ngome ya Bentheim, aliyoitembelea Ujerumani yapata mwaka 1650, imejengwa juu ya kilima cha wastani, lakini katika picha yake ya mwaka 1653 kilima hicho kimekuwa mlima wa miamba na misitu. Makaburi ya Wayahudi ya Ouderkerk aliyachora kama yalivyo, kisha akayazungushia magofu na kijito ambavyo havikuwapo mahali hapo. Hata maporomoko ya maji ya Skandinavia, ambako hakuwahi kufika, aliyapata katika kazi za Allaert van Everdingen, aliyesafiri huko mwaka 1644.

Utunzi huo ulifikia kilele baada ya yeye kuhamia Amsterdam, alipoirudia Haarlem katika picha ambazo Waholanzi huziita haarlempje, ambazo iliyo bora zaidi imehifadhiwa katika jumba la Mauritshuis, mjini The Hague. Mtazamaji huwekwa juu ya vilima vya mchanga, upeo wa macho, yaani mstari ambapo ardhi hukutana na anga, ukiwa umeshushwa hata mawingu yakachukua takriban theluthi mbili za turubai. Mawingu hayo ndiyo yanayoigawia nchi mwanga: mahali pamoja pamefunikwa na kivuli, na pengine jua limeangukia vitambaa vya kitani vilivyotandazwa majanini ili viwe vyeupe, kazi iliyoupatia mji huo sifa na utajiri, huku kanisa la Mtakatifu Bavo likichomoza mbali juu ya mapaa. Hivyo anga kwake ndiyo iliyoongoza picha nzima.

Ruisdael alifariki mwaka 1682 akazikwa katika kanisa hilohilo. Njia yake iliendelezwa kwanza na mwanafunzi wake Meindert Hobbema, na katika karne ya 19 na Mwingereza John Constable, aliyenakili kazi zake kwa mkono ili ajifunze kutoka kwake.